Oili kuukuu ya gia ni hatari kwa mashine za milimani

MWENYE mashine ya kukata nyasi ya kukaliwa hukumbuka upesi kubadilisha oili ya injini. Oili ya gia husahauliwa kwa sababu haionekani, na hakuna taa inayowaka kumjulisha dereva kwamba imechakaa. Mashine huendelea kwenda mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kisha siku moja inashindwa kupanda kilima ambacho zamani ilikipanda bila taabu, ama inateremka kwa kasi ambayo dereva hakuitaka.

Kwa watu wanaoishi na kufanya kazi Skuta na mitaa mingine ya Nyeri, jambo hili si dogo. Nchi ya huko ni ya miinuko na mabonde, nayo mashine haikai mahali tambarare kwa muda mrefu. Mashine ambayo ingevumilia oili mbovu kwa miaka kadhaa katika uwanja wa tambarare huonyesha udhaifu wake mapema katika mteremko unaoelekea mtoni.

Gia zinazozungumziwa hapa ni zile za haidrostati, yaani gia zinazotumia oili yenye shinikizo kuzungusha magurudumu, badala ya klachi na meno ya chuma pekee. Katika nchi za baridi kali kama Kanada, Marekani na Norway, gia za namna hii hufungwa hata katika mashine za kuondoa theluji barabarani na nyuani mwa nyumba. Kenya haina haja ya mashine hizo. Theluji na barafu yake iko juu kabisa ya Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199, na huko hakuna barabara ya kusafisha.

Hata hivyo, gia hizo hizo ziko miongoni mwa Wakenya. Zimo katika mashine nyingi za kukata nyasi za kukaliwa, zile ambazo hutumika katika viwanja vya gofu, mahoteli, shule na makao ya watu binafsi. Zimo katika matrekta madogo ya kisasa. Aidha, zimo katika kombaini zinazovuna ngano na shayiri katika mashamba makubwa ya upande wa Timau na Laikipia. Kanuni ya utunzaji ni moja, ijapokuwa ukubwa wa mashine unatofautiana sana.

Jinsi gia hizi zinavyofanya kazi

Ndani ya gia ya haidrostati kuna viungo viwili vikuu: pampu na mota. Injini huizungusha pampu. Pampu ina pistoni ndogo kadhaa zilizopangwa kwa duara, nazo husukuma oili kuelekea kwenye mota. Mota hupokea oili hiyo yenye nguvu na kuyazungusha magurudumu. Oili ikishafanya kazi yake hurudi kwenye pampu, na mzunguko huanza upya.

Mbele ya pistoni za pampu kuna bamba linaloweza kuinamishwa. Dereva anapokanyaga pedali au kusukuma mkono wa gia, kwa hakika anainamisha bamba hilo. Likisimama wima, pistoni hazisukumi kitu na mashine hutulia mahali pamoja ingawa injini inanguruma. Likiinama kidogo, mashine huenda polepole. Likiinama zaidi, mwendo huongezeka. Likiinamishwa upande wa pili, oili hugeuza njia na mashine hurudi nyuma. Ndiyo maana dereva wa mashine ya namna hii hana haja ya klachi.

Wazo hili si geni. Wahandisi wa Marekani, Harvey Williams na Reynolds Janney, walilifanyia kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na mitambo ya aina hiyo ikatumika kugeuza mizinga ya meli za kivita. Katika kilimo lilipata nguvu miaka ya 1960. Mnamo 1967, kampuni ya International Harvester ilianza kuuza trekta ya Farmall 656 iliyokuwa na gia za haidrostati, na baadaye teknolojia hiyo ikaenea katika kombaini na mashine za nyasi.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba oili katika gia hizi si ya kulainisha tu. Oili ndiyo inayobeba nguvu ya injini hadi kwenye magurudumu. Hiyo hiyo ndiyo inayopoza viungo, inayoziba mianya midogo kati ya pistoni na silinda zake, na inayobeba uchafu kuupeleka kwenye chujio. Katika gari la kawaida, oili ya gia ikiharibika, meno ya chuma bado huweza kuvuta gari kwa muda. Katika gia ya haidrostati, oili ikishindwa, kila kitu kimeshindwa.

Kinachoichakaza oili

Adui wa kwanza wa oili ni joto. Kila mara mashine inapopanda mlima ikiwa na mzigo, shinikizo hupanda na oili huchemka. Wahandisi hutumia kanuni kwamba, oili ikishapata joto kali, kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Basi mashine inayokata nyasi katika miteremko ya Nyeri huzeesha oili yake upesi kuliko ile inayofanya kazi kama hiyo katika uwanda.

Joto huzidi pale nyasi kavu, matope na vumbi vinapoachwa vigandamane juu ya kasha la gia. Nyingi za gia ndogo hupozwa na pangaboi ndogo ya plastiki iliyo juu yake. Pangaboi hilo likivunjika meno au likizibwa na nyasi, oili hupikwa kama chakula katika sufuria iliyofunikwa.

Adui wa pili ni chembe za chuma. Viungo vipya vinaposuguana kwa mara ya kwanza huacha unga mwembamba sana wa chuma. Kwa kuwa mwanya kati ya pistoni na silinda ni mdogo kuliko unene wa unywele wa binadamu, unga huo hufanya kazi ya msasa. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi huagiza oili ya kwanza ibadilishwe mapema, mashine ikiwa bado mpya, kuliko zile zitakazofuata.

Adui wa tatu ni maji. Usiku wa milimani ni wa baridi na mchana huweza kuwa wa jua kali. Hewa iliyo ndani ya kasha hupoa usiku, na unyevu wake hugeuka matone yanayoingia katika oili. Mashine inayoegeshwa nje wakati wa mvua za masika ama za vuli, au inayooshwa kwa mpira wa maji yenye nguvu, huingiwa na maji zaidi kupitia kifuniko cha kupumulia. Oili yenye maji hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Oili hiyo haiwezi kulinda chuma, na haina budi kumwagwa yote.

Adui wa nne ni hewa yenyewe. Oili haikubali kubanwa, na ndiyo maana inaweza kusukuma gurudumu. Hewa hubanwa. Mapovu yakiingia katika oili, nguvu ya injini huishia katika kuyabana mapovu badala ya kuzungusha mota.

Dalili za kutiliwa maanani

Dalili ya kwanza ya oili iliyochakaa huonekana baada ya mashine kufanya kazi kwa nusu saa au zaidi. Asubuhi inapanda vizuri, lakini ikishapata moto inalegea. Sababu ni kwamba oili kuukuu ikipashwa joto huwa nyepesi mno, na hupenya katika mianya badala ya kusukuma pistoni.

Dalili nyingine ni mlio wa kuvuma au kulia kama nyuki wengi waliochokozwa, hasa wakati wa kupanda. Mwendo wa kusitasita. Mashine kwenda upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine. Harufu ya kuungua. Na matone ya oili chini ya mashine palipoegeshwa. Mlio mkali mara nyingi huwa ni wa pampu inayokosa oili ya kutosha au inayovuta hewa.

Si kila ulegevu unatokana na oili, hata hivyo. Mkanda unaounganisha injini na pampu ukilegea, mashine huonyesha dalili zinazofanana kabisa na hizi. Fundi mwangalifu hukagua mkanda, pangaboi na waya za mkono wa gia kwanza, kwa kuwa ukaguzi huo haugharimu chochote. Kuifungua gia kabla ya kuangalia mkanda ni kumwingiza mwenye mashine katika hasara bure.

Hatari ya mteremko

Jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi wanapokabidhiwa mashine za aina hii ni kwamba gia ya haidrostati pia hufanya kazi ya breki. Dereva anaporudisha pedali katikati, oili hufungiwa ndani na magurudumu huzuiwa. Breki ya kawaida katika mashine nyingi ndogo za nyasi imewekwa kwa ajili ya kuegesha, si kwa ajili ya kusimamisha mashine iliyo katika kasi.

Maana yake ni kwamba mashine iliyopoteza nguvu ya kupanda imepoteza pia nguvu ya kujizuia inapoteremka. Dereva anayesema mashine yake "imechoka kidogo tu" na kuendelea kukata nyasi kandokando ya bonde anajitia katika hatari ya kubiringika nayo. Mashine ikianza kushindwa kupanda, kazi ya mteremkoni inafaa kusimamishwa siku hiyo hiyo.

Hali kadhalika, gia hizi zina valvu ya kukwepesha, ambayo kwa kawaida ni kijiti au mkono mdogo ulio nyuma ya mashine. Valvu hiyo ikifunguliwa, oili hupita kando na magurudumu huzunguka huru ili mashine iweze kusukumwa kwa mikono. Kuifungua valvu hiyo mashine ikiwa katika mteremko ni sawa na kuikata kamba. Isitoshe, mashine ya haidrostati haifai kuvutwa kwa gari kwa masafa marefu au kwa kasi, hata valvu ikiwa wazi, kwani mota huzunguka bila ya kulainishwa ipasavyo.

Oili ipi itumiwe?

Hakuna oili moja inayofaa gia zote za haidrostati. Baadhi ya watengenezaji wa gia za mashine za nyasi huagiza oili ya injini ya daraja la 20W-50, ambayo hupatikana katika vituo vingi vya petroli. Wengine huagiza oili ya sanisi, na wengine huagiza oili maalumu ya matrekta ambayo hutumika kwa gia, haidroliki na breki kwa pamoja. Jibu limo katika kitabu cha mashine, na mara nyingine kwenye kibandiko kilicho juu ya kasha la gia.

Yafaa kujua kwamba jina lililo kwenye boneti huenda si jina la aliyetengeneza gia. Kampuni nyingi za mashine za nyasi hununua gia kutoka kwa watengenezaji wengine. Kwa hiyo fundi hutafuta namba iliyo kwenye kasha lenyewe kabla ya kununua oili.

Makosa ya kuepukwa ni mawili. La kwanza ni kutia oili nzito ya gia za magari, kwa dhana kwamba "gia ni gia". Oili hiyo ni nzito mno kwa pistoni hizi, na pampu hushindwa kuivuta asubuhi ya baridi. La pili ni kuongeza mafuta ya breki ya gari. Mafuta hayo huharibu sili za mpira zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya petroli, na gia huanza kuvuja kila mahali. Vilevile si vyema kuchanganya oili za aina tofauti. Asiyejua iliyomo ni ipi, aimwage yote.

Hatua za kubadilisha

Kazi huanza kwa usafi. Mashine huegeshwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele huwekewa mawe au vigingi, injini huzimwa na ufunguo kutolewa. Sehemu yote inayozunguka kifuniko cha kutilia oili husafishwa kwa brashi na kitambaa, kwa maana punje moja ya mchanga ikianguka ndani yatosha kukwaruza silinda.

Oili humwagika vizuri ikiwa ya vuguvugu, kwani hutoka pamoja na uchafu ulioelea ndani yake. Isiwe ya kuunguza. Nyuma ya mashine huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Kulala chini ya mashine inayoshikiliwa na jeki peke yake ni kucheza na uhai. Kisha beseni huwekwa chini, nati ya kumwagia hufunguliwa, na oili huachwa idondoke hadi tone la mwisho.

Fundi hupima kiasi kilichotoka na kukitazama. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasimulia joto. Nyeupe kama maziwa inasimulia maji. Yenye kumetameta kama vumbi la fedha inasimulia chuma kinacholika, na hapo mwenye mashine aambiwe ukweli kwamba oili mpya haitarudisha kilicholika.

Chujio hutolewa na kuwekwa jipya. Mpira wake hupakwa oili safi, nalo hukazwa kwa mkono na si kwa nguvu za spana. Nati ya kumwagia hurudishwa, na oili mpya hutiwa polepole hadi alama iliyowekwa kwa oili baridi. Kujaza kupita alama hiyo si wema. Oili hutanuka ikipata joto na hutafuta pa kutokea.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ni ya kuondoa hewa. Magurudumu ya kuvuta yakiwa bado hewani, valvu ya kukwepesha hufunguliwa na injini kuwashwa kwa mwendo wa chini. Mkono wa gia husukumwa polepole mbele na nyuma mara 5 au 6. Kisha injini huzimwa, valvu hufungwa, injini huwashwa tena, na mkono husukumwa vivyo hivyo. Kiwango cha oili hushuka hewa inapotoka, basi huongezwa hadi alamani. Zoezi hurudiwa mpaka magurudumu yazunguke bila kelele na bila kusita. Fundi asiyeiondoa hewa humrudishia mwenyewe mashine dhaifu kuliko ilivyoletwa.

Gia zisizo na nati

Baadhi ya gia za mashine za bei nafuu hazina nati ya kumwagia oili kabisa. Watengenezaji huziita gia zisizohitaji huduma, wakimaanisha kwamba oili iliyotiwa kiwandani ndiyo itakayodumu maisha yote ya gia. Tatizo ni kwamba maisha hayo yamepimwa kwa mwenye bustani anayekata nyasi zake saa chache kwa mwezi, si kwa kijana aliyenunua mashine iliyotumika ili apate riziki kwa kukata nyasi za shule na makanisa kila siku.

Gia hizo huweza kubadilishwa oili kwa kuzishusha kutoka kwenye mashine na kuzipindua ili oili itoke kupitia tundu la kupumulia, ama kwa kuinyonya kwa bomba. Ni kazi ya saa kadhaa na inahitaji mtu mwenye ujuzi. Anayenunua mashine kuukuu yafaa aangalie chini yake kabla ya kutoa pesa: kama hakuna nati wala chujio, ajue kwamba ananunua gia ambayo pengine haijawahi kubadilishwa oili.

Kombaini na shinikizo lake

Katika kombaini, mambo ni yale yale lakini hatari ni kubwa zaidi. Shinikizo ndani ya gia ya kombaini huweza kupita baa 400, ilhali gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa takriban baa 2. Bomba likitoboka tundu dogo kama la sindano, oili hutoka kwa nguvu inayoweza kupenya ngozi ya mtu. Kwa sababu hiyo ni mwiko kutafuta mahali panapovuja kwa kupapasa na mkono. Kipande cha boksi au ubao hutumika. Aliyechomwa na oili ya namna hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi, hana budi kupelekwa hospitalini mara moja, kwa kuwa nyama iliyo ndani huendelea kufa.

Upande wa mavuno pia una uzito wake. Ngano iliyokomaa haingoji. Ikinyeshewa ikiwa bado shambani, punje huweza kuchipuka zikiwa katika masuke, na thamani yake kwa wasagaji hushuka. Kombaini inayokwama wakati huo humtia hasara mwenyewe pamoja na wakulima wadogo walioikodi na wanaongoja zamu zao. Oili na chujio hubadilishwa kabla ya msimu, si katikati yake.

Oili iliyotumika

Swali la mwisho ni la mahali pa kuipeleka oili iliyomwagwa. Mazoea ya kuimwaga kwenye mtaro, kuipaka kwenye nguzo za ua au kuinyunyiza barabarani kutuliza vumbi yangali yanaonekana katika miji mingi. Nyeri ina sababu ya pekee ya kuyaacha. Mto Chania unapita mjini, na maji ya eneo hilo huteremka hadi Mto Tana, ambao unategemewa na mabwawa ya umeme na mamilioni ya watu walio chini.

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinaiweka oili iliyotumika miongoni mwa taka hatari, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imemwongezea mzalishaji wa taka wajibu. Gereji hutakiwa kuihifadhi katika mapipa yasiyovuja na kuikabidhi kwa wachukuzi wenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Mwenye mashine moja anaweza kuirudisha katika kopo lile lile aliloinunulia na kuipeleka kwenye gereji yenye pipa.

Yote haya hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji kumbukumbu. Mashine nyingi za kukaliwa zina mita ya saa za kazi. Daftari dogo linaloandikwa tarehe, saa zilizosomwa kwenye mita, aina ya oili na kiasi kilichotiwa, latosha kumwonyesha mwenye mashine siku ya huduma inayofuata. Kwa anayefanya kazi mteremkoni, muda ulioandikwa kitabuni uchukuliwe kuwa wa mwisho, na ni bora kubadilisha kabla haujafika. Lita chache za oili na chujio moja hununuliwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya gia mpya, nayo gia mpya mara nyingi huagizwa kutoka ng'ambo huku mashine ikikaa bure na nyasi zikiendelea kuota.